Kufanana na picha si kujua kuchora

Juzi mzazi mwingine ameniuliza, kwa heshima zote, mbona kijana wake yuko mwaka wa pili katika darasa langu la uchoraji na bado hachori sura "ikatoka kama picha," ilhali kuna vijana mjini wanaofanya hivyo kwa penseli bila kuingia chuo. Mzee wangu, kijana wako nimemnyang'anya simu, asiendelee kunakili picha zilizomo.

Kupiga miraba juu ya picha na kuihamisha kwenye karatasi hufunza subira na kutuliza mkono. Basi. Nini kiachwe na nini kishikwe, kamera imeshaamua, tena vibaya. Mtu akijipiga selfi, pua iliyo karibu na lenzi inavimba na masikio yanarudi nyuma. Mwanafunzi ananakili pua hiyo kwa uaminifu wa karani wa mahakama.

Lakini kinachonichoma ni vivuli. Msimamishe mtu mweusi mbele ya anga jeupe la Nairobi: simu itapunguza mwanga, nusu ya uso izame gizani. Mwanafunzi anaona giza, anakamua tyubu ya nyeusi, uso unatoka masizi matupu. Sasa mkalishe mtu huyohuyo kando ya dirisha saa nne asubuhi, uutazame upande wa kivuli. Sikio lina wekundu. Penye paji la uso, ngozi inapong'aa, kuna bluu ya anga. Chini ya taya, rangi ya shati lake imempandia. Likiwa la njano, utaona ukijani usioutarajia. Hayo yote simu imeyameza. Ndiyo maana nyeusi ya tyubu ni marufuku kwangu: changanya altramarini, ile bluu nzito, na amba, ile kahawia ya udongo, uivute kwenye joto la kahawia au baridi ya bluu utakavyo.

Nikiwaonyesha kazi za Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi anayepaka rangi za mafuta juu ya lubugo, gome la mti kutoka Uganda, hakuna anayeuliza kama zinafanana na picha. Matobo na mishono ya gome inaonekana, naye ameiingiza kwenye mchoro.

Kutoa alama ndiko kunakonishinda. Sijui uwezo wa mtu wa kuona umeongezeka asilimia ngapi, na fomu inataka asilimia. Halafu oda zinazowalipia wanafunzi karo ni picha za WhatsApp: bibi harusi, marehemu baba. Siwezi kumkataza mtu kula. Azichorie hosteli, ila asiniletee nizisahihishe.