Je, wajua J. P. Morgan aliizimaje taharuki ya benki ya mwaka 1907?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mwanabenki John Pierpont Morgan aliiokoa New York mwaka 1907, watu walipokimbilia kutoa fedha zao benki, kwa sababu alikuwa tajiri kuliko wote, hivyo akafungua kasha lake na kulipa. Wengi bado wanasimulia hivyo, na si kweli. Alipofariki mjini Roma tarehe 31 Machi 1913, mali aliyoiacha, ukiondoa kazi za sanaa, haikufikia dola milioni 100, ilhali John D. Rockefeller, tajiri wa mafuta, alimzidi mara kadhaa. Fedha zilizotuliza taharuki ile zilikuwa, kwa sehemu kubwa, za benki nyingine, na serikali nayo iliweka dola milioni 25 katika benki za jiji hilo. Mchango wa Morgan ulikuwa kuaminika kwake, pamoja na uwezo wa kuwaketisha washindani chumba kimoja.

Alizaliwa Hartford mwaka 1837, mtoto wa Junius Morgan, mwanabenki aliyejijengea jina London.

Ili kuelewa alichofanya, fikiria ghala la kijiji. Wakulima mia moja wameweka magunia yao humo, na mwenye ghala, akijua kwamba hawatayafuata wote siku moja, amekopesha sehemu kubwa ya mahindi kwa watu watakaorudisha na nyongeza baada ya mavuno. Uvumi ukienea, wote wakafika asubuhi moja, ghala litafungwa kabla ya adhuhuri, ingawa hakuna hata debe moja lililopotea. Huo ni ukosefu wa ukwasi. Ghala ambalo mahindi yake yameliwa na dumuzi ni jambo jingine kabisa: hilo limefilisika, na kulijazia magunia mapya ni kuwalisha wadudu. Ugumu ni kwamba, ukitazama foleni ya nje, maghala hayo mawili hayana tofauti.

Ndiyo maana Morgan alimtuma kijana Benjamin Strong akapekue vitabu vya hesabu. Tarehe 22 Oktoba kampuni ya amana ya Knickerbocker, iliyopokea fedha za watu kama benki, ililipa karibu dola milioni 8 kwa takriban saa tatu, kisha ikafunga milango. Morgan hakuisaidia, kwa kuwa ukaguzi haukuwahi kukamilika. Kesho yake foleni ikahamia kampuni nyingine ya amana, Trust Company of America. Strong aliporipoti kwamba mali yake inatosha, Morgan aliagiza fedha zipelekwe huko, nazo hati za dhamana zikapokelewa na kuhesabiwa mezani kwake. Hata hivyo, tusidhani kwamba hakukosea: Knickerbocker ilifunguliwa tena Machi 1908, jambo linaloashiria kwamba huenda nayo ilipungukiwa na ukwasi tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba aliwakusanya wakuu wa kampuni za amana katika maktaba yake, ile iliyosheheni miswada ya kale ambayo mwanawe aliifungua kwa umma mwaka 1924. Alitaka waahidi dola milioni 25 za kuwasaidia wenzao waliodhoofika. Walipotaka kuondoka, walikuta milango imefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa Morgan. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri alimshika Edward King, kiongozi wao, akamwonyesha mahali pa kutia saini na kumkabidhi kalamu. King alitia saini, wenzake wakafuata, na milango ikafunguliwa.