Je, wajua kwa nini watu hutuma mwanasesere akatembee dunia?

Mtu mzima, mwenye kazi yake na heshima zake, anasimama mbele ya Mnara wa Eiffel. Anafungua begi, anatoa twiga mdogo wa kitambaa, anamkalisha juu ya ukuta, anarudi nyuma hatua mbili na kumpiga picha. Yeye mwenyewe hayumo pichani. Picha inatumwa kwa rafiki aliyeko Mwanza au Manchester, na baada ya muda twiga yuleyule yumo kwenye begi la mtu mwingine anayeelekea Lisbon. Anayeliona jambo hili kwa mara ya kwanza huuliza: kwa nini usijipige picha mwenyewe yakaisha?

Jibu fupi ni kwamba mwanasesere msafiri huwapa watu sababu ya kuandikiana. Rafiki yako akienda safari ndefu, wiki ya kwanza atakutumia salamu, ya pili atapunguza, ya tatu amemezwa na mambo yake. Wala si ubaya. Lakini akiwa amebeba kitu chako, ana amana ya mtu, na mwenye amana anangoja habari. Hata asipokuwa na la kusema kuhusu nafsi yake, ana la kusema kuhusu twiga: leo amepanda treni, leo amenyeshewa, leo amekaliwa na mtoto kwenye basi. Humo humo katika habari za twiga, unazisoma na za rafiki.

Desturi hii ina mizizi zaidi ya mmoja. Huko Ulaya, Australia na New Zealand, watu wengi huweka bustanini vijisanamu vya vizee wenye ndevu nyeupe na kofia nyekundu iliyochongoka. Mwaka 1977 mtu mmoja aitwaye Henry Sunderland alipiga picha vizee vyake viwili, alivyovipa majina Harry na Charlie, alipokuwa safarini Antaktika. Miaka ya katikati ya 1980 mchezo ukashika kasi Australia, ila kwa sura nyingine: kijisanamu kinaibwa usiku, kisha mwenye nyumba anaanza kupokea barua na picha kutoka miji ya mbali, kana kwamba kizee mwenyewe ameamua kwenda kuiona dunia. Mwaka 1986 gazeti la Sydney Morning Herald liliandika habari ya mwanamke aliyekuta kizee chake hakipo na pahala pake pameachwa barua ya kumuaga, inayoeleza kwamba kimechoshwa na upweke. Ufaransa nako, miaka ya 1990, kikundi kilichojiita jeshi la ukombozi wa vizee hao kilikuwa kikivichukua bustanini na kuvipeleka msituni. Mimi upande huo siupendi. Kitu cha mtu kikichukuliwa bila idhini yake, picha zake hata ziwe nzuri vipi zinabaki kuwa za wizi, na raha yote ya mchezo huu inatokana na mtu kukupa kitu chake kwa hiari.

Mzizi wa pili ni wa darasani, na ndio ulioeneza mambo zaidi. Mwaka 1964 mwandishi Mmarekani Jeff Brown alitoa kitabu cha watoto kuhusu mvulana Stanley, ambaye ubao wa matangazo ulimwangukia usiku akaamka bapa kama karatasi. Familia ikagundua kwamba sasa anaweza kutiwa kwenye bahasha na kupelekwa California kwa posta. Mwaka 1995 Dale Hubert, mwalimu wa darasa la tatu katika mji wa London, Ontario, Kanada, alilichukua wazo hilo na kuanzisha mradi. Kila mtoto anachora Stanley wake wa karatasi, anampaka rangi, anamtuma kwa ndugu au kwa shule nyingine pamoja na daftari dogo. Anayempokea anamtembeza, anaandika siku yake ilivyokwenda, kisha anamrudisha. Mtoto ambaye angekaa nusu saa akitafuna kalamu kwa kukosa la kuandika anajikuta anajaza ukurasa, maana anaeleza ya mtu mwingine. Tena karatasi ni nyepesi. Inapita kwa gharama ya barua ya kawaida, haivunjiki, na akipotea Stanley mmoja anachorwa mwingine. Sidhani mradi ungefika shule za nchi nyingi hivyo kama Stanley angekuwa dubu wa manyoya wa kilo moja.

Lakini kwa nini mwanasesere, na si kijiko au jiwe? Mwaka 1944 wanasaikolojia wawili waliokuwa Marekani, Fritz Heider na Marianne Simmel, waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi isiyo na chochote ila pembetatu mbili na duara vikizunguka kwenye mstatili wenye mlango. Walipoulizwa wameona nini, karibu wote walisimulia kisa cha watu: mkubwa mkorofi anamfukuza mdogo, mwingine anaogopa na kujificha. Ikiwa akili yetu inazipa pembetatu nia na hofu, basi kitu chenye macho mawili na mdomo wa uzi kitakosaje roho machoni mwetu? Ndiyo maana picha ya twiga ukutani inasomeka mara moja. Huoni mnara peke yake. Unamwona mtu amefika.

Mpwa wangu ana sungura wa kitenge aliyeshonwa na bibi yake, mwenye sikio moja refu kuliko jingine. Sungura huyo alipelekwa Poland na binamu yetu aliyekwenda kusoma. Kuna picha moja ambayo mtoto aliitazama kuliko zote. Haina jengo maarufu. Ni sungura amekaa kwenye dirisha la tramu, kioo kimeingia ukungu, na nje theluji imefunika baiskeli mpaka kwenye tandiko. Mtoto aliuliza maswali yaliyomchosha kila mtu: je, sungura amevaa nini, tramu inaendaje na theluji, nani anaifagia. Binamu naye alijibu yote, kwa sauti za WhatsApp, jioni baada ya masomo. Kama angetuma picha ya theluji tupu, tungesema maashallah tukaendelea na mengine.

Wapo pia ambao mwanasesere anawaendea kule wasikoweza kwenda. Mjini Tokyo, mwaka 2010, Sonoe Azuma alianzisha kampuni ya Unagi Travel ambayo wateja wake ni midoli. Mwenye mdoli anamtuma kwa posta, mdoli anatembezwa na wenzake kwenye mahekalu, mikahawa na chemchemi za maji moto, na picha zinawekwa mtandaoni siku hiyo hiyo ili mwenyewe afuatilie akiwa nyumbani. Baadhi ya wateja ni wagonjwa na watu wasioweza kutembea mbali. Kwao huu si mzaha hata kidogo, na nadhani hapa ndipo mtu anapoacha kuuliza kwa nini.

Sasa nirudi nyuma, kwa safari ya wanasesere kubwa kuliko zote ninazozijua. Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria ya uhamiaji iliyowafungia mlango Wajapani, na uhusiano wa nchi hizo mbili ukaharibika. Sidney Gulick, mmishonari aliyekuwa ameishi Japani zaidi ya miaka 20, alisikitika sana. Akaona kama wakubwa hawasikilizani, waanzwe watoto. Makanisa, shule na vikundi vya Marekani vikashona nguo na kukusanya wanasesere 12,739, kila mmoja na jina lake, barua yake na pasipoti yake, wakapakiwa melini. Walifika Japani mapema mwaka 1927, kwa wakati wa sikukuu ya wanasesere ya tarehe 3 Machi, ambapo familia zenye mabinti hupanga wanasesere sebuleni. Upande wa Japani aliyesimamia mapokezi ni Shibusawa Eiichi, mfanyabiashara mkubwa ambaye tangu 2024 sura yake iko kwenye noti ya yeni 10,000. Wageni wakagawiwa shule za msingi na za chekechea nchi nzima.

Watoto wa Japani nao wakachanga vijisenti, na mwishoni mwa mwaka huohuo Japani ikajibu kwa wanasesere 58. Hawa walikuwa kazi ya mafundi mahiri, wenye kimo cha sentimita 80 hivi, wamevaa kimono za hariri, wengi wao wakiwakilisha mkoa au mji, na kila mmoja akibeba vyombo vyake vya chai. Walitembezwa miji mingi ya Marekani kabla ya kukabidhiwa makumbusho na maktaba. Mmoja wao, Miss Kagawa, yuko katika jumba la makumbusho ya sayansi asilia la North Carolina.

Kisha ikaja vita. Baada ya Japani kuishambulia Bandari ya Pearl, kambi ya wanamaji wa Marekani, Desemba 1941, wanasesere wenye macho ya buluu waligeuka kuwa adui, na ikaamriwa waharibiwe. Wengi walichomwa moto, wengine walidungwa mikuki mbele ya wanafunzi walewale waliowapokea kwa nyimbo. Lakini wapo walimu waliokataa. Waliwaficha darini, kwenye makabati, nyuma ya mabunda ya karatasi, wakijua wanaweza kuitwa wasaliti. Wanasesere zaidi ya 300 walisalia, na shule kadhaa zinawatunza mpaka leo. Nikifikiria kilichomfanya mwalimu ahatarishe kazi yake kwa ajili ya mdoli wa kigeni, sipati sababu nyingine ila kwamba alikabidhiwa. Miaka ya 1980 mjukuu wa Gulick, naye anaitwa Sidney, alianza upya kuzitumia shule za Japani wanasesere.

Siku hizi kuna njia ya kumfuatilia msafiri hatua kwa hatua. Mwezi Mei 2000 Marekani iliacha kuipotosha makusudi mitambo ya GPS ya raia, ile inayokuonyesha ulipo kwa msaada wa satelaiti, na siku chache tu baadaye ukazaliwa mchezo wa kuficha visanduku porini na mijini na kutangaza majira ya nukta, yaani namba za mahali vilipo, ili wengine wavitafute. Ndani ya visanduku hivyo husafiri midoli iliyofungwa kibati chenye namba. Mwenyewe anaandika lengo, tuseme mdoli afike ufukwe wa Bahari ya Hindi, na kila anayemkuta anamchukua, anaingiza namba mtandaoni, kisha anamwacha kwenye kisanduku kingine alikoelekea. Ramani inajichora yenyewe. Wazoefu wana tahadhari moja: usipige picha inayoonyesha namba ya kibati, kwa sababu atakayeiona anaweza kudai amemshika mdoli hali hajawahi kumwona. Kibati cha aina hiyo kilifika hadi kituo cha anga za juu mwaka 2013, mikononi mwa mwanaanga Rick Mastracchio.

Huko angani midoli ina kazi yake. Kwenye chombo cha Soyuz cha Warusi huning'inizwa kimdoli kwa uzi mbele ya marubani. Dakika kama tisa baada ya kuruka, injini zinapozimwa, uzi unalegea na kimdoli kinaanza kuelea. Wanaanga wanajua wameingia kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia. Mara nyingi kinachaguliwa na mtoto wa kamanda.

Ukitaka kumtuma wako, mfanye awe wa kuingia kiganjani, macho ya kudarizi badala ya vifungo vya gundi, na asiwe na betri ndani, kwa sababu posta nyingi zina masharti makali kuhusu betri za lithiamu. Mshonee kitambulisho chenye jina lake na anwani ya barua pepe. Jina lako kamili na namba ya nyumba usiziweke. Mpe daftari jepesi, na kwenye ukurasa wa kwanza eleza kwa mistari michache yeye ni nani, anataka kufika wapi, na arudi lini. Rafiki asiyejua anatakiwa kufanya nini atamweka kabatini mpaka asahaulike.

Kwa posta, karatasi ya forodha ndiyo inayowakwamisha wengi. Andika wazi kwamba ni mdoli wa kitambaa uliotumika, andika uzito na thamani yake ya kweli, na utie alama kwenye kisanduku cha zawadi kama ni zawadi. Julai 2021 Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa za thamani ndogo zinazotoka nje, lakini zawadi kati ya mtu na mtu isiyozidi euro 45 bado inapita. Ukiacha nafasi ya thamani wazi, ofisa atakisia, na rafiki yako atadaiwa pesa kwa ajili ya sungura wa kitenge.

Kwa mkono wa msafiri ni rahisi zaidi, ila hapo kuna sharti ambalo sitalilegeza. Mdoli ulioshonwa unaweza kufichwa chochote ndani, na uwanja wa ndege anayeulizwa ni aliyeubeba. Usipokee wa mtu usiyemjua hata akilia machozi, na wako usimpe mtu ambaye hamjuani vizuri. Mshone mbele ya atakayembeba, au mwachie upande mmoja wazi aupapase, aukague, kisha afunge uzi mwenyewe.

Na shona wawili. Wanaocheza ule mchezo wa visanduku hupewa vibati viwili vya namba moja, kimoja kinasafiri na kingine kinabaki nyumbani, ili msafiri akipotea mwenzake aanzie pale alipoishia na daftari lisikatike.