Benefiti, mchango wa familia na nyumba ya Uingereza: mnayoambiana na yalivyo

Kuna watu huku Uingereza wamekaa miaka hawathubutu hata kuuliza bei ya nyumba, eti mtu aliwaambia ukiwa kwenye Universal Credit (UC, benefiti au msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) kununua ni marufuku. Hakuna sheria hiyo. Nyumba unayoishi mwenyewe haihesabiwi kabisa kwenye mali zako wanapopiga hesabu za UC, na kuna benki zinazokubali UC, Child Benefit (ya watoto) au PIP (ya ulemavu) kama sehemu ya kipato ukiomba mkopo, zingine zinakataa, kila moja na masharti yake, ndo maana unatafuta broka, dalali wa mikopo ya nyumba, anayezijua. Kinachowaponza watu ni hela ya kununulia: imekaa wapi, kwa jina la nani, na kwa muda gani kabla haijageuka nyumba.

"Hii ni zawadi ya mama, sio akiba yangu." Jamani, hii ndo inayoumiza wengi. Kwa UC, zawadi ikishaingia kwenye akaunti yako ni yako, inahesabiwa sawa na akiba nyingine yoyote. Mpaka £6,000 hawaigusi. Kutoka hapo mpaka £16,000 wanakata £4.35 kwa mwezi kwa kila £250 iliyozidi, au hata kipande chake, yaani ukiwa na £10,000 unakatwa £69.60 kila mwezi. Ukivuka £16,000 UC yote inasimama, na mkiwa mke na mume mnadai pamoja kikomo ni hicho hicho kimoja, sio kila mtu na chake. Sasa chukua dada ambaye ndugu wamemchangia £25,000, wakamtumia mapema kwa moyo mweupe "ili uanze kutafuta", nyumba nayo inachukua miezi kadhaa, survei (ukaguzi wa nyumba), mwanasheria, muuzaji anababaika, na muda wote huo hela imelala kwenye akaunti yake. UC hana haki nayo tena, na kama alinyamaza akaendelea kulipwa basi ana deni la kurudisha.

Wanaobisha huwa wamesikia nusu ya jambo. Ni kweli kuna msamaha: hela uliyopata kwa kuuza nyumba uliyokuwa unaishi, ukitaka kununulia nyingine, inaachwa kwa miezi 6 na muda unaweza kuongezwa. Lakini mchango wa shangazi haujatokana na kuuza nyumba yako. Njia rahisi ni hela ibaki kwa mwenyewe, kwenye akaunti ya mzazi, mpaka mwanasheria aseme siku ya kusaini imefika. Bado hajakupa, kwa hiyo bado ni yake, na hakuna ujanja wowote hapo.

Ujanja ni kinyume chake, pale hela imeshakuwa yako halafu unampa kaka "anishikie kidogo" ili benefiti isiguswe. Hiyo wanaijua siku nyingi. Wakiona uliitoa kwa nia hiyo wanakuhesabia kana kwamba bado unayo.

Halafu kuna hii, najua hapa wengi mtanuna: "kiwanja cha Kigamboni hakiwahusu." Kinawahusu. Mali ya nje ya nchi inahesabiwa, iwe kiwanja Kigamboni, fremu za duka Arusha au nyumba ya kupangisha Mombasa. Wanachukua bei ya soko ya huko huko, wanatoa asilimia 10 kama gharama za kuuza, wanatoa na deni lililowekewa hiyo mali. Kama ni shamba la urithi mko ndugu watano, unahesabiwa fungu lako tu, na fungu la shamba lenye ndugu watano kusema kweli nani atalinunua, kwa hiyo thamani yake inaweza kuwa ndogo kuliko unavyoogopa. Na ile nyumba uliyomjengea mama kijijini na anaishi yeye, kama ameshafika umri wa pensheni wa huku au hali yake ya afya haimruhusu kufanya kazi, inaweza kuachwa. Ndo maana nasema andika, waambie kwenye jono yako ya UC (ukurasa wako wa mtandaoni wa kuwasiliana nao), wapige hesabu wenyewe. Wengi wanaficha kitu ambacho wangekitaja kisingewapunguzia hata senti, halafu siku wanakiuza ili kuongezea dipoziti (malipo ya mwanzo ya nyumba), mwanasheria anauliza hela imetoka wapi, mkataba wa mauzo unatoka na tarehe za kununua za miaka kumi iliyopita ziko wazi pale.

Na mwanasheria atauliza tu, ni sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Mchango wa familia tunaouzoea sisi, wa kundi la WhatsApp, mjomba katuma kidogo, shemeji katuma kidogo, binamu yuko Oman katuma kidogo, unamtia wazimu, maana anaweza kutaka kitambulisho na steitimenti za benki za kila aliyetoa. Mtoaji mmoja au wawili, wazazi hasa, ndo inapita vizuri. Benki nayo itataka barua kwamba ni zawadi, hairudishwi na mtoaji hana sehemu kwenye nyumba. "Tusaini tu, tutarudishiana wenyewe" sio mambo ya kifamilia hayo, ni kuidanganya benki kwa maandishi.

"UC ilikuwa inanilipia kodi, basi itanilipia mogeji (mkopo wa nyumba)." Hapana! Msaada wa kodi unakufa siku unapokuwa mwenye nyumba, ukiacha ile nyumba ya kununua kipande na kupanga kipande, ambapo kodi ya kipande cha kupanga wanaweza kusaidia. Kinachobaki ni Support for Mortgage Interest, msaada wa kulipa riba ya mogeji, ambayo tangu Aprili 2018 ni mkopo, unaongezeka riba, umefungwa kwenye nyumba yako na unalipwa ukiuza. Unasubiri miezi 3 ya UC mfululizo (kabla ya Aprili 2023 ilikuwa 9, na ukifanya kazi hata kidogo ulikuwa hupati), inalipa riba tu kwa kiwango wanachopanga wao, kwenye deni lisilozidi £200,000. Kupunguza deni lenyewe ni juu yako. Afueni ipo kwa wanaofanya kazi wenye watoto au wasio na uwezo kamili wa kazi kiafya: usipolipiwa kodi ya nyumba, kiasi cha mshahara unachoruhusiwa kabla UC haijaanza kukatwa kinakuwa kikubwa zaidi.

PIP na Child Benefit haziangalii akiba kabisa. Pension Credit, ya wazee wenye kipato kidogo, inaangalia kuanzia £10,000 na haina kikomo cha juu, kumbukeni hilo mnapomshikisha bibi hela za watu.

La mwisho ni "tuandike na jina la mama kwenye hati, benki itatuamini". Kwa England, mama akiwa na nyumba yake tayari, hata ikiwa Dar, mnaingia kwenye ushuru wa stempu (kodi ya serikali unaponunua nyumba) wa nyumba ya ziada, ambao tangu Oktoba 2024 ni asilimia 5 juu ya ule wa kawaida. Nyumba ya £250,000 ambayo wewe peke yako kama mnunuaji wa mara ya kwanza usingelipa kitu, mkiwa wawili mnalipa £15,000. Na kama mama hataishi humo, fungu lake linaweza kuhesabiwa kwenye benefiti zake yeye. Muulizeni broka ule mkopo ambao mzazi anasaini deni lakini hayumo kwenye hati, upo, japo sio kila benki inao, na mzazi ajue akisaini anadaiwa kweli siku wewe ukikwama. Na wewe mwenyewe ukiwa umewahi kumiliki nyumba popote duniani, hata ya urithi, ule msamaha wa ushuru wa mnunuaji wa mara ya kwanza huupati. Kiwanja kitupu hakihesabiki kama nyumba, kwa hiyo wa Kigamboni hapo mmepona.