Ghala la papa likigeuzwa mkahawa: kibali, chokaa na chumvi ya ukutani

Maombi ya kugeuza maghala ya zamani ya mitaa ya Malindi na Funguni, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuwa mikahawa na nyumba za wageni yanazidi kutufikia, na malalamiko nayo hayajabaki nyuma. Linalotuchosha zaidi ni lile la kwamba UNESCO imekataza watu kugusa majengo yao. Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ni kweli, lakini UNESCO haikagui plasta ya mtu. Kibali kinatolewa hapa hapa Zanzibar, nasi Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Wala kubadilisha matumizi si kosa. Jengo la mfanyabiashara Tharia Topan pale Mizingani lilianza kujengwa mwaka 1887 na kumalizika 1894, mwenyewe akiwa keshafariki. Likawa zahanati, likachakaa, likakarabatiwa na kufunguliwa upya 1996 kwa shughuli za utamaduni. Forodha ya zamani, jirani yake, ilikuja kuwa chuo cha muziki.

Ghala la samaki lina tabia yake. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi yamebeba papa na ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi, kutoka Arabuni, yakarudi na kusi yamebeba boriti za mikoko. Boriti hizo hizo ndizo zilizoamua umbo la jengo: haziwezi kuvuka nafasi pana, kwa hiyo chumba kina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, hata kiwe kirefu namna gani. Anayetaka ukumbi mpana huona njia rahisi ni kubomoa ukuta wa kati. Ukuta huo umebeba ghorofa.

Papa akishauzwa, chumvi yake hubaki. Jiwe la matumbawe lina vitundu, na kwa miaka limenyonya chumvi ya samaki na ya bahari. Unyevu ukiingia chumvi huyeyuka. Ukuta ukikauka, chumvi hiyo hugeuka chembe zinazokua na kusukuma kilicho mbele yake. Plasta ya chokaa huuacha ukuta upumue: chumvi hutoka nje, plasta humeng'enyeka taratibu, fundi huipiga upya. Hiyo si kasoro, ndiyo kazi yake. Saruji hufunga njia. Unyevu hupanda juu hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, navyo huoza bila kuonekana. Tumeonyeshwa kuta nyeupe za kupendeza, tukazigonga, zikalia tupu. Wenyewe hujibu: “Fundi kasema saruji ni imara zaidi.” Imara kwa nyumba ya matofali, sawa.

Kuhusu utaratibu, tafadhali someni hadi mwisho kabla ya kuja dirishani. Tunahitaji uthibitisho wa umiliki, au ridhaa ya maandishi ya mwenye jengo; majengo mengi ni ya Serikali au ya Wakfu, na mkataba wa kupanga peke yake hautoshi. Mchoro wa jengo lilivyo sasa. Mchoro wa litakavyokuwa, ukionyesha mabomba, choo, jiko na mahali pa viyoyozi. Picha za kila upande, pamoja na dari. Orodha ya vifaa. Kisha ukaguzi, na ukaguzi hufanyika kabla ya kazi kuanza, si baada ya plasta kupigwa usiku wa Ijumaa. Kibali cha rangi hakigeuki kibali cha kuongeza ghorofa, na kibali cha biashara si kibali cha ujenzi. Aliyeanza bila kibali anaweza kusimamishwa, kuagizwa abomoe alichojenga na kurudisha jengo lilivyokuwa kwa gharama zake, na shauri kufikishwa mahakamani.

Boriti za kubadilisha zisinunuliwe njiani. Mikoko inalindwa na ukataji wake una kibali chake, kwa hiyo tutauliza zimetoka wapi. Njoo na karatasi zake.