Mara ya kwanza kuisikia bendi yako huenda haikuwa ile unayoikumbuka

Wiki hii nimeambiwa tena. Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, ananisimulia siku aliyoisikia kwa mara ya kwanza bendi aliyoipenda ujanani: alikuwa ameketi wapi, nani alisimama mlangoni, wimbo gani ulikuwa unapigwa, jua la jioni lilivyoingia dirishani. Kisha anafunga kwa maneno yale yale: "Naikumbuka kama jana, kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa." Nimeshughulika na utafiti wa kumbukumbu miaka mingi, na hilo "kwa hiyo" limenichosha. Kwamba unaikumbuka kama jana, nakubali bila kusita. Kwamba ndivyo ilivyokuwa, hilo linahitaji ushahidi wake lenyewe.

Yaliyo mepesi niyapite haraka. Kumbukumbu ya tukio haikai kichwani kama kanda kabatini. Wakati wa usimbaji, yaani tukio linapoingia na kuwekwa akilini, vinashikwa vipande tu, na unapokumbuka unaviunga upya, penye pengo unajaza kwa yale unayoyajua kuhusu maisha yako. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett aliyaeleza haya tangu 1932. Ni kweli pia kwamba watu wazima, wakiulizwa habari za maisha yao, hurudi zaidi kwenye miaka kati ya 10 na 30 hivi, na muziki wa ujana una nafasi yake ya pekee humo. Kwa nini? Vitabu vya kiada hutoa jibu kana kwamba jambo limekwisha. Halijakwisha. Wapo wanaosema ubongo wa umri ule husimba vizuri zaidi, wapo wanaosema ndiyo miaka ya kujijua wewe ni nani, na wapo wanaosema ni kwa sababu mambo mengi hutokea kwa mara ya kwanza. Mimi naegemea hilo la kujijua, ila nakiri ni vigumu mno kuyatenganisha, maana yote matatu humpata mtu mmoja katika miaka ile ile.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Watu huchukua ung'avu wa picha kuwa kipimo cha usahihi wake. Mwaka 1977 wanasaikolojia Roger Brown na James Kulik walitoa wazo la kumbukumbu za mmweko: kwamba habari ya kushtua hunaswa akilini kama picha iliyopigwa kwa taa ya kamera. Likapendwa, na bado linapendwa. Kisha Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kikalipuka, na asubuhi iliyofuata watafiti wa kumbukumbu Ulric Neisser na Nicole Harsch wakawapa wanafunzi dodoso: ulikuwa wapi, nani alikuambia, ulikuwa unafanya nini. Miaka miwili na nusu baadaye wakawarudia 44 kati yao. Robo nzima, watu 11, hawakupata hata alama moja kati ya saba. Wengi wa waliokosea walikuwa na uhakika, tena picha zikiwa kali. Walipoonyeshwa karatasi walizojaza kwa mkono wao, kumbukumbu ile ya mwanzo haikuwarudia.

Neisser mwenyewe alikuwa na kisa chake. Alikumbuka kwamba habari ya shambulio la Wajapani dhidi ya Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani, mwaka 1941, ilimkuta akisikiliza mechi ya besiboli redioni. Ilimchukua miaka mingi kushtuka kwamba shambulio lilitokea Desemba, na Desemba hakuna mechi za besiboli za kutangazwa. Baadaye watafiti wengine wakaonyesha kwamba siku ile redio ilitangaza mechi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, na timu zile mbili zilikuwa na majina ya timu za besiboli. Redio ilikuwepo, mechi ilikuwepo, mshtuko ulikuwepo. Mchezo wenyewe akili ilijichagulia.

Tazama basi inavyokuwa kwa bendi. Hapa tatizo ni kubwa kuliko kwa habari ya kushtua, kwa sababu habari huipokea mara moja, ila wimbo unausikia mara mia. Neisser aliliona jambo la namna hii mwaka 1981, alipolinganisha ushahidi wa John Dean, mwanasheria wa Rais Nixon wa Marekani, katika kashfa ya kisiasa ya Watergate na kanda halisi zilizorekodiwa ikulu. Dean alikosea nani alisema nini katika kikao kipi, lakini alipatia kiini cha mambo yaliyojirudia katika vikao vingi. Ndivyo ilivyo na "siku ya kwanza" yako: yumkini ni siku nyingi zilizokaa pamoja na kuvaa sura ya moja.

Na kuna jambo jingine ambalo watu hulikataa kwa hasira. Tangu kazi ya mwanasaikolojia Robert Zajonc ya 1968 tunajua kwamba kukutana na kitu tena na tena, peke yake, huongeza kukipenda. Mara ya kwanza kabisa wimbo ule huenda ulipita huku unatafuta kiatu. Hukuusimba kama tukio, kwa nini uusimbe? Uliousimba ni ule wakati uliokunasa, na huo ndio ulioupa cheo cha kwanza. Kusikia na kunaswa ni mambo mawili, na karibu kila anayenisimulia ananisimulia la pili akiliita la kwanza.

Tafadhali usiondoke hapa ukisema kumbukumbu zote ni uongo. Hilo nalo nimelisikia mara nyingi mno, na ni uvivu ule ule uliogeuzwa upande. Kwamba ulikuwa kijana, kwamba bendi ile ilikutikisa, kwamba ulikuwa na yule rafiki miaka ile: mambo ya namna hii hushika vizuri. Yanayoteleza ni tarehe, mpangilio, na nani alikuwepo siku hiyo hasa.

Yangu ni hii. Nina miaka 14, usiku, redio kaseti ya kaka iko chini ya mto, sauti nimeipunguza ili baba asiamke, plastiki yake ya joto imegusa shavu, na gitaa la kwanza linaingia. Kaka aliinunua redio ile kwa mshahara wake wa kwanza. Miaka kadhaa iliyopita nililipata daftari langu la hesabu. Mwalimu alitulazimisha kuandika tarehe juu ya kila ukurasa, na nyuma ya zoezi moja la sehemu nilikuwa nimeandika maneno ya wimbo ule ule, miezi mitano kabla kaka hajapata hata hiyo kazi.

Picha ya redio haijafifia kwa hilo. Bado nalisikia joto lile shavuni. Ila ninachorudia kuangalia sasa ni mstari wa tatu daftarini: neno nililolisikia vibaya limekatwa, na juu yake limeandikwa neno sahihi kwa wino wa kijani na mwandiko usio wangu. Kuna mtu aliyeniimbia wimbo ule, akainama na kunisahihisha. Simkumbuki hata kidogo.