Mzanzibari na Kilimanjaro: yasemwayo na yaliyo kweli

"Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima, ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda."

Hadithi tamu, lakini si kweli, na ya kweli imeanzia Unguja. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, aliuhesabu mlima kuwa ni milki yake. Mwaka 1885 alimtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, na askari hadi Uchagani, na Mangi (mtawala) Rindi wa Moshi, maarufu kwa jina la Mandara, akaipandisha bendera ya Sultani. Mwaka huohuo Rindi akafunga mkataba na Mjerumani, Karl Jühlke. Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani wakakubaliana: Sultani aachiwe mwambao wa upana wa maili 10, na mstari wa mpaka upite kaskazini ya mlima, mlima ukabaki upande wa Wajerumani. Mjukuu mwenyewe, Wilhelm wa Pili, alikuwa hajawa Kaizari wa Ujerumani, alitawazwa 1888. Kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu ya kupandia mlima, kilichoitwa Bismarck zama za Wajerumani, sasa kinaitwa Mandara.

"Kijana mwenye pumzi za mpira hashindwi."

Pumzi za mcheza mpira hazimkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko, unaoletwa na uchache wa oksijeni juu mlimani. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoivuta Forodhani, ufukweni Unguja, na mwili huzoea kwa siku, si kwa misuli. Mazoezi ya Masingini, kilima cha Unguja, hukaza miguu basi. Kilima chenyewe hakifiki mita 150.

Tazama njia ya Marangu: unalala vituoni, Mandara karibu mita 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700. Ni mita 1,000 kila usiku, ilhali ushauri wa kitabibu, ukishapita 3,000, ni kuongeza 500 tu. Kwa hiyo chukua siku sita, si tano: lala Horombo mara mbili, na mchana wa katikati panda kuelekea Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, kisha urudi chini kulala. Daktari akikuandikia asetazolamidi, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwambie kama una mzio wa dawa za salfa. Tangawizi hutuliza tumbo, haitibu mwinuko. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, usipande zaidi. Ukiyumba kama mlevi, au ukihema hali umekaa, ushushwe papo hapo, hata kama ni saa nane za usiku.

"Koti zito la mitumba la Darajani latosha."

Kwa juu, sawa. Tatizo ni fulana ya pamba ndani: hunywa jasho, na usiku wa kupanda kilele hugeuka barafu mgongoni. Vaa sufu au poliesta. Chupa ya maji ipindue kwenye begi, kwani maji huanza kuganda juu, mfuniko ukang'ang'ania.

"Kuna theluji, basi kuna kuteleza kwa skii."

Walter Furtwängler na Siegfried König walifanya hivyo 1912, na barafu moja ya kileleni ina jina la Furtwängler. Tangu mwaka huo zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kibo, kilele kikuu, imekwisha, na iliyobaki ina kingo za kusimama wima. Theluji mpya ni nyembamba, juu ya changarawe. Skii iache nyumbani. Beba fimbo mbili za kushukia, magoti yatakushukuru.