Godzilla nzuri haipimwi kwa idadi ya ngumi

Jana tena kaja kijana dukani na flashi yake, ananiambia, "Bro niwekee Godzilla kali, ila zile za zamani za jamaa kavaa mpira usiniwekee, zile za watoto." Hii kauli naisikia kila wiki na nimeichoka. Watu wanapanga listi zao za muvi bora za Godzilla, yule mnyama mkubwa wa Kijapani anayetoka baharini, kwa kuhesabu ngumi na maghorofa yaliyoanguka, halafu ile ya kwanza ya 1954 wanaitupa mkiani au hawaiweki kabisa, na ukimuuliza ameiona, hajaiona hata dakika kumi.

Haya sikilizeni. Machi 1, 1954 Marekani walilipua bomu la haidrojeni kule Bikini, visiwa vya Pasifiki, majivu yakawaangukia wavuvi 23 wa Japani ndani ya boti yao, Daigo Fukuryu Maru, na mwezi wa tisa mmoja wao akafa. Novemba 3 mwaka huohuo muvi ikatoka, na inaanza na nini? Boti ya Wajapani inawaka moto baharini baada ya mwanga mkali. Hakuna mtu ukumbini aliyehitaji kuelezwa pale. Kuna dada kwenye treni anasema kaponea chupuchupu kwenye bomu la Nagasaki na sasa hili tena, anaongea kawaida kabisa, treni inaendelea na safari. Usiku Tokyo inaungua, mama kachuchumaa chini kakumbatia wanawe, anawaambia sasa hivi tunamfuata baba yenu, bado kidogo tu tutakuwa naye. Kunakucha, hospitali imejaa majeruhi mpaka sakafuni, mtaalamu anamsogezea mtoto kipimo cha mionzi, kipimo kinalia, anatikisa kichwa. Sasa niambie hapo mtoto gani anachekeshwa na nini? Ishirō Honda, dairekta wake, alikuwa mwanajeshi vitani na Hiroshima iliyoteketea aliiona kwa macho yake, hakuwa anatengeneza katuni.

Tatizo wengi wameonja ile iliyokatwakatwa na Wamarekani 1956, wakamchomekea Raymond Burr kama mwandishi wa habari anayesimulia kila kitu, uchungu wa Wajapani ukapungua humo. Tafuta ya Kijapani yenye maandishi chini, hiyo nyingine achana nayo.

Na huo mpira mnaoucheka, vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa kama kilo 100, mwigizaji Haruo Nakajima yumo ndani na mataa ya studio yanamchoma, anakanyaga mji mdogo uliojengwa kwa mikono. Fundi wa efekti Eiji Tsuburaya na watu wake walikuwa wanarekodi kamera ikienda kasi, ili ukiicheza kwa mwendo wa kawaida kila hatua ionekane nzito. Ule mlio je? Mtunzi wa muziki Akira Ifukube alitumia glavu ya ngozi yenye utomvu wa msonobari, ikavutwa kwenye nyuzi za kontrabesi, lile fidla kubwa la sauti nzito. Ni kazi ya mafundi ile, yaani heshima kidogo jamani.

Eti bila hela ya Hollywood hakuna Godzilla ya maana. Godzilla Minus One ya 2023 imetengenezwa chini ya dola milioni 15, kikosi cha efekti watu 35 tu, Takashi Yamazaki kaiongoza na efekti kazisimamia mwenyewe, 2024 wakabeba Oscar ya efekti. Imetosha.

Wengine wanasema Godzilla ni wa kijani. Huyu rangi yake ni ya mkaa, kijani imekuja wazi kwenye Godzilla 2000.

King Kong vs. Godzilla ya 1962 eti ina miisho miwili, Japani anashinda Godzilla, Marekani anashinda Kong, yule sokwe mkubwa. Uongo wa miaka mingi. Zote mbili wanaangukia baharini na anayeonekana akiogelea kurudi kwao ni Kong.

Hii nyingine, kwamba Godzilla ndio steringi na steringi hafi. 1954 ni adui na anakufa, 2001 kwenye GMK, ile yenye Mothra na King Ghidorah, ni adui mwenye macho meupe, na kwenye Godzilla vs. Destoroyah ya 1995 moyo wake wa nyuklia unazidiwa, anayeyuka mbele yako, hiyo nawaambia wateja kaeni na leso. Shin Godzilla ya 2016 wanailalamikia vikao vingi, lakini ndio yenyewe hiyo, ni Japani baada ya tetemeko na Fukushima 2011, mnyama yuko mtaani na serikali bado inatafuta chumba cha kikao.

Listi yangu basi: 1954, Minus One, Shin, Mothra vs. Godzilla ya 1964, halafu Destoroyah. Ya kwanza iangalieni usiku, simu mbali, na Minus One iwe kesho yake, sio siku hiyohiyo. Yule kijana nimemwekea hizo tano kwa mpangilio huohuo, za ngumi zipo folda ya chini.